Bakuli Halipigiwi Goti

Maharage makavu yakidondoka kwenye bakuli la bati hutoa mlio ambao mimi siwezi kuusikia nikatulia. Punje moja hulia ti, nyingine ti, halafu kiganja kikifunguka yote humiminika kama mvua ya kwanza juu ya bati. Juzi nilikuwa kibarazani kwangu hapa Iringa nachambua maharage ya jioni, na mjukuu wangu Neema amekaa mkekani, kompyuta mapajani, mdomo ameuvuta. Anajifunza kutengeneza programu, na ya kwanza maishani mwake ni kikokotoo, cha kujumlisha na kutoa basi. Nyumbani, kwa namba alizoziandika mwenyewe ndani ya programu, kilifanya kazi bila wasiwasi. Alipokipeleka mbele ya darasa, mwalimu akaandika saba jumlisha tano, kikajibu sabini na tano, kimezibandika tu badala ya kuzijumlisha. Darasa likaangua kicheko. Kilichomuuma mjukuu wangu hata si kicheko, ni msichana wa dawati la nyuma yake aliyenyoosha mkono, akasema kosa liko wapi, na akawa sahihi.

"Kompyuta haina akili, Bibi," akaniambia kwa hasira. "Inafanya ulichoiambia tu, hata kama sicho ulichotaka."

Mkono wangu ulisimama juu ya bakuli. Maneno hayo nilishawahi kuyasikia, karibu yote, kutoka kwa msichana ambaye sura yake sikutaka kuiona, miaka ya hamsini, wakati kompyuta hatujaisikia hata jina. Basi nikaacha maharage nikamsimulia Neema, na ninyi nawasimulia vilevile, bila kujipamba.

Kwetu ni kijiji cha Wabena kilicho mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mafinga. Baba yangu alikuwa mpasuaji wa mbao. Yeye na wenzake walichimba mashimo msituni, gogo likalazwa juu ya shimo, mmoja akasimama juu na mwingine chini, wakavuta msumeno siku nzima. Jioni alirudi na harufu ya mti mbichi kwenye koti lake, na vumbi la mbao kwenye nyusi, akawa anafanana na mzee. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Baba alikuwa na kichwa cha kukumbuka lakini hakuwa na kichwa cha kujumlisha. Aliketi karibu na moto akanitajia mbao zilizotoka kila shimo siku ile, ili kesho amwambie mwenye lori, nami nikajumlisha kichwani, haraka, kabla hajamaliza kunyoosha miguu. Nilikuwa na kigoda changu pembeni yake, alichokitengeneza mwenyewe kwa vipande vya mbao vilivyobaki. Hakuna aliyekikalia ila mimi. Mdogo wangu Elia alikijaribu mara moja, na nadhani hadi leo anakumbuka.

Nawaambia habari za kigoda ili mjue nilikuwa nani mle ndani. Nilikuwa Tabita, mwenye hesabu. Shuleni, kwenye shule ya misheni, nilikuwa darasa la nne, na tulijua kwamba baada ya hapo wengi wetu wasichana tungerudi jikoni. Lakini Mwalimu alikuwa amemwambia Baba kwamba kutoka kijiji chetu atapeleka msichana mmoja shule ya kati ya bweni. Mmoja tu. Baba alikuja na habari hiyo akainong'ona kwa Mama, nami niliyekuwa nimejifanya nimelala nikalivuta blanketi hadi usoni nikatabasamu. Msichana mwenyewe angekuwa nani mwingine?

Halafu akaja Tusekile.

Alikuwa mtoto wa Shangazi, dada yake Baba, aliyeolewa kwa Wanyakyusa upande wa Mbeya. Shangazi alijifungua mapacha, na kule mapacha wakizaliwa nyumba ina mambo yake mengi, basi binti mkubwa akaletwa kwetu ili mama yake apumue. Alishushwa kwenye lori lililobeba mchele kutoka Chimala, ana kifurushi kimoja na nywele zimejaa pumba. Umri wetu ulikuwa mmoja. Akapiga goti mbele ya Bibi, akasalimia Kinyakyusa, akakumbuka yuko wapi, akajaribu salamu ya Kibena, "Kamwene," vibaya sana, akacheka yeye mwenyewe. Na Bibi, mama yake Baba, ambaye sikumbuki kama aliwahi kucheka nilipokosea mimi, akacheka hadi akashika mbavu.

Nilimchukia tangu kicheko kile. Sisemi nilimwonea haya wala sikumzoea; nilimwonea wivu, wivu mzito, wa kukaa kooni wakati wa kumeza ugali. Wivu wenyewe ulikuwa unanitafutia vitu. Niliona kwamba shuka lake ndilo jipya. Niliona kwamba Mama akimwita anaita "mwanangu," nami ananiita "we Tabita." Niliona kwamba Dina, mdogo wetu wa mwisho, niliyembeba mgongoni tangu hajaota jino, sasa analala ubavuni kwa Tusekile kwa sababu eti ana joto. Nchi yetu ni ya baridi, mwezi wa sita ukungu unaingia hadi chini ya kitanda, na mimi nilibaki na ubavu wangu baridi na hasira yangu.

Nilikuwa na faraja moja tu. Tusekile alikuwa mzito wa hesabu. Aliingizwa darasa letu, na Mwalimu akiuliza yeye alihesabu vidole chini ya dawati, akasahau, akaanza upya. Mimi nilisubiri ashindwe, ndipo nikajibu. Nilikuwa najua kusubiri. Alikuwa ananigeukia kila mara kwa macho ya mshangao na kusema, kwa Kinyakyusa chake cha kushukuru, "Ndaga, Tabita, wewe unaonaga wapi majibu?" Nami nikanyanyua mabega kama mtu asiyejua kwamba amesifiwa.

Kisha nikaugua. Homa ilinishika wakati wa kuvuna maharage, nikalazwa chumba cha ndani, meno yanagongana. Usiyezoea homa hujui jinsi masikio yanavyokuwa makali mwili ukiwa umeshindwa. Jioni nikamsikia Baba anaingia, nikasikia koti linatundikwa, na nikajua sasa atataja mbao na hakuna wa kumjibu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilitaka akose jibu, aje mlangoni aseme, nyumba hii bila Tabita haiendi.

Badala yake nikasikia maharage. Ti. Ti, ti. Kisha kishindo kidogo, kama kiganja kilichofunguliwa. Kisha sauti ya Dina, mtoto wa miaka mitano: "Shimo imejaa!" Na Baba akacheka. Kilikuwa kicheko ambacho sikukijua, cha mtu aliyeonyeshwa kitu kipya, na mimi niliyemjumlishia kila jioni sikuwahi kukitoa kifuani mwake. Nilijifunika kichwa, nikasema moyoni kwamba bora nife ili wajue.

Sikufa. Nilipoweza kukaa, Dina mwenyewe ndiye aliyenieleza, kwa fahari, kwamba Dada Tusekile ametengeneza mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa hivi. Tusekile, kwa kuwa hakuweza kujumlisha kichwani, alichukua vipande vitatu vya mbao za Baba, akamwomba atoboe kwenye kila kimoja vishimo kumi vya kuingia punje ya harage. Watoto watatu wakakaa mstari mmoja, kila mtu na ubao wake. Wa kwanza alishika mamoja, wa pili makumi, wa tatu mamia. Tusekile mwenyewe alikuwa mwitaji. Namba ikitajwa, alimpa kila mmoja punje zake kiganjani, na mtoto akazipanga vishimoni. Sheria ilikuwa moja. Vishimo vyako vyote vikijaa, sema vimejaa, mwaga punje zote kwenye kikapu, mpe jirani yako punje moja, kisha endelea kupanga zilizobaki mkononi. Basi. Namba zote zikiisha kutajwa, unasoma vishimo, na jibu ndilo hilo.

"Lakini Dina hajui hata kuhesabu," nikasema.

"Hana haja ya kujua," Tusekile akanijibu, anang'aa uso. "Hata Elia hana haja. Wanafanya nilichowaambia tu. Kwetu tunachota maji kwa kibuyu, kikijaa unamimina mtungini, unaanza tena. Mtungi unajua nini? Haujui kitu, lakini unajaa."

Nilimwambia ni mchezo wa watoto. Alikubali kwamba ni mchezo. Hilo nalo liliniudhi, maana nilitaka abishe.

Bibi alikuwa na lake. Alipomsikia Tusekile anaita watoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, alitoka nje na mwiko mkononi. "Watoto hawahesabiwi! Hesabu kuku, hesabu mbao. Ukihesabu watoto unamwonyesha nani?" Nyumbani kwetu hilo halikuwa jambo la utani, hata mgeni akiuliza tuko wangapi, Mama alijibu kwamba tupo. Basi Tusekile akavipa viti majina badala ya namba. Aliyekaa karibu na mlango akawa Mlango, wa katikati aliyeegemea nguzo akawa Nguzo, na wa karibu na moto akawa Jiko. Bibi akaridhika, akarudi kwenye mboga zake. Mimi nikaona hata kukemewa kwake kunageuka kuwa jambo la kupendeza.

Wiki hiyohiyo Mwalimu akatuma neno kwamba Jumapili baada ya ibada atapita nyumbani. Baba alikuwa amemwambia, "Kwangu sasa wako wawili, wa darasa moja. Njoo uwaone mwenyewe, mimi siwezi kupasua mtoto katikati." Sasa nilijua kwa hakika kitu kilichokuwa mbele yangu. Mmoja wetu angeondoka na sanduku la mbao, sare na vitabu. Mwingine angebaki akimenya viazi, na baada ya miaka michache wangekuja watu kumuulizia.

Jumapili nilioga kwa maji ya baridi bila kulalamika. Mwalimu alikaa kwenye kiti kikubwa, koti jeusi, kofia juu ya goti. Mbele yake Mama aliweka bakuli letu la wageni, la bati, jeupe lenye ukingo wa bluu, limejaa karanga za kuchemsha. Bibi alikaa mlangoni na kanga yake nzuri, macho yake yakitembea juu yetu kuona kama tumelelewa.

Kwanza Mwalimu alituuliza hesabu za kichwani. Nilijibu zote. Nilijibu hata zilizokuwa za Tusekile, hadi Baba akakohoa. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikaanza kuliona sanduku.

Ndipo Baba akasema, "Mwalimu, kabla hujaondoka, hebu uone mashine ya mtoto huyu."

Mashine ya mtoto huyu! Sikumwangalia Baba. Tusekile akapanga watu: Dina Mlango, Elia Jiko, na mimi, kwa kuwa nimepona, nikapewa Nguzo, mahali alipokuwa anakaa mtoto wa jirani. Mimi niliyejumlisha kabla Baba hajanyoosha miguu, nikawekwa katikati kama kipande cha mbao, nipokee punje na nitoe punje. Nilikaa kwa sababu Bibi alikuwa ananitazama.

"Thelathini na nne," akasema Mwalimu. Dina akapanga punje nne, mimi nikapanga tatu. "Ishirini na nane." Tusekile akamtia Dina punje nane kiganjani na mimi mbili. Jibu nilikuwa nalo tayari, sitini na mbili, limekaa mdomoni kama pipi. Dina akajaza vishimo, akasema kwa sauti ndogo kwamba imejaa, akamwaga. Akanipa punje yangu. Nikaiweka. Tusekile akainama kusoma vishimo, akazihesabu punje upya.

"Sitini," akasema.

Mwalimu akainua nyusi. "Tujaribu nyingine. Arobaini na saba. Thelathini na sita." Na vivyo hivyo, punje, vishimo, Dina akamwaga. Themanini na tatu, nilikuwa nayo.

"Themanini," akasema Tusekile, na sauti yake ikashuka.

"Mashine yenu inapenda makumi matupu," akasema Mwalimu, na watu wazima wakacheka, kicheko cha upole. Tusekile alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo. Alizigeuza mbao akaangalia vishimo kama vimezibwa. "Jana ilikuwa inakubali," akasema. "Kweli Mjomba, jana si ilikubali?"

Sasa sikilizeni. Ningenyamaza tu, mambo yangekwisha. Kosa nililiona tangu namba ya kwanza, kwa sababu lilifanyika mbele ya magoti yangu. Siku zote Dina alikuwa anamrushia mtoto wa jirani punje kwa mchezo, mkono mmoja, wanacheka. Leo kulikuwa na mgeni, Bibi yuko mlangoni, na anayepewa ni mimi, dada yake mkubwa. Mtoto wa kike aliyelelewa hampi mkubwa kitu kwa mkono mmoja. Kwa hiyo Dina, vishimo vikishajaa, alipiga goti, na ili apate mikono miwili mitupu ya kunipa punje moja, alizirudisha kikapuni zile zilizobaki kiganjani. Mbili mara ya kwanza. Tatu mara ya pili. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga goti hivyo.

Ningenyamaza. Mwalimu alikwishachukua kofia yake. Lakini Baba akamwekea Tusekile mkono begani akasema, "Haidhuru, mwanangu, ni kitu kizuri hata kikikosea," na Mwalimu akaongeza kwamba kweli ni ubunifu mkubwa. Wivu ukanipanda hadi masikioni. Ameshindwa na bado anapendwa! Mimi nimepatia zote na hakuna aliyenigusa bega. Nilitaka wajue, pale pale, kwamba yule wanayembembeleza haoni, na ninayeona ni mimi.

"Kosa siyo la mashine!" nikapiga kelele. "Kosa ni adabu!"

Mnaweza kufikiria Bibi alivyogeuka. "Adabu imekuwa kosa tangu lini nyumba hii?"

Nilinyakua lile bakuli la wageni, nikamwaga karanga za Mwalimu juu ya meza, zikatiririka hadi kwenye koti lake jeusi, Mama akaziba mdomo. Nikaliweka chini kati yangu na Dina.

"Dina, usinipe mimi. Weka bakulini. Na zilizobaki mkononi usiziachie."

"Kwa mkono mmoja?" Dina akauliza, anamwangalia Bibi kwa hofu.

"Kwa mkono mmoja. Siyo mtu. Bakuli halipigiwi goti."

Bibi alilitazama bakuli, na pole pole akasema kwamba hilo ni kweli. Mwalimu akaketi tena, akapangusa karanga, akataja namba. Ti, punje ikalia bakulini. Nikaichukua. Mimi kwa Elia nilitoa tu, mdogo hapigiwi goti. Jibu likawa sahihi. Akataja nyingine kubwa zaidi, na nyingine, akasimama, akainama juu ya mbao zetu na koti lake likafagia sakafu, akawa kama mtoto. Kila jibu likawa sahihi. Mimi nilikuwa nayapata yote kabla ya mashine, nikayataja kwa sauti, na hakuna aliyenisikiliza. Walikuwa wanamwangalia Dina, asiyejua kuhesabu, anahesabu.

Mwalimu alimchagua Tusekile. Alimwambia Baba uani, nami nilikuwa nyuma ya ukuta. "Tabita anajua mwenyewe," akasema. "Huyu mwingine amemwezesha asiyejua. Mimi natafuta watakaokuja kuwa walimu." Baba akageuka kutazama mlango wa nyumba. Kisha akasema, "Sawa, Mwalimu."

Nilikimbilia kwenye mianzi ya kugema ulanzi, pombe yetu, nikalia hadi nikatapika. Fikirini uchungu wake. Mdomo wangu mwenyewe ndio uliompa. Ningeufunga kwa kiasi cha mtu kuvaa kofia na kutoka, sanduku lingekuwa langu. Baba alinifuata, akachuchumaa, harufu ya mbao ikaja naye. "Kigoda chako hakijahama," akaniambia. Nikamjibu akichome moto. Hakunipiga. Kesho yake jioni alitaja mbao zake kama kawaida na akasubiri, na mimi, baada ya kununa kwa kiasi nilichoona kinatosha, nikamjibu kutoka jikoni bila kukaa.

Tusekile aliondoka na sanduku la mbao ambalo Baba alilipiga randa hadi likawa laini. Alitaka kunikumbatia, nikajifanya nafunga kuni. Akasema, "Tabita, bila wewe..." nami nikaondoka kabla hajamaliza, kwa sababu nilijua bila mimi nini, na sikutaka aniambie.

Maisha yangu hayakuwa mabaya. Nilijifunza ushonaji, nikaolewa hapa Iringa, nikawa na cherehani yangu na wateja wanaogombana nani atangulie. Lakini wivu ule sikuuacha kwa Baba. Nilihama nao. Nikisikia Tusekile amefaulu, chakula kilipoteza ladha. Nikisikia amekuwa mwalimu Mbeya, nilisema walimu siku hizi wako wengi. Nilikwenda harusini kwake, nikala pilau ya mchele wa Usangu sahani mbili, nikarudi nikawaambia watu haikuiva. Kila alipotuma salamu nilirudisha salamu, basi. Watu walidhani nina shughuli nyingi.

Hadi Shangazi alipofariki. Nilikuwa nimekwenda Mbeya kwa basi kumwona mgonjwa, akakata roho asubuhi niliyofika, na nyumbani kwake wakaniomba nikamchukue Tusekile shuleni, maana alikuwa darasani hajapata habari. Nikapanda kilima cha shule nikiwa na kilemba cha msiba, natafuta maneno. Kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti. Ti. Ti, ti. Nikasimama chini ya dirisha.

Watoto wadogo walikuwa wamekaa mistari mistari, kila mstari na mbao zenye vishimo, vizibo vya soda badala ya maharage, na kati ya mtoto na mtoto bakuli. Mwalimu wao, mgongo kwangu, alitaja namba. Mtoto mmoja akajaza vishimo vyake, akamwaga, akainua kizibo kimoja juu na kupaza sauti, "Tabita!" Akakitupia bakulini. Mwenzake akakichukua. Mstari wa pili, "Tabita!" Wa tatu, "Tabita! Tabita!" Chumba kizima kilikuwa kinaliita jina langu, kwa furaha, hovyo hovyo, kama watu wanaoita mvua.

Nilisogea dirishani. Msichana wa karibu na dirisha akaniona, akanisalimia, "Shikamoo, Mama," akaniuliza namtafuta nani, na mimi ni nani. Nikamwambia naitwa Tabita.

Alicheka hadi akaziba mdomo. "Hilo siyo jina la mtu," akasema. "Tabita ni pale kumi inapohama."

Tusekile akageuka, chaki mkononi, nywele zimeanza mvi. Alinitazama, akatazama kilemba changu, akaelewa kilichonileta, macho yakamjaa. Lakini kabla ya kulia aliwageukia watoto wake.

"Simameni," akawaambia. "Mtu mwenyewe ndiye huyu."

Wakasimama wote. Miaka yote ile nilikuwa nimeamini kwamba mle ndani mwetu kulikuwa na nafasi moja, na kwamba aliikalia yeye. Nilimwonea wivu kila siku mtu aliyekuwa akilifundisha jina langu kila siku ya shule, kwa watoto ambao sitawajua kamwe. Na bado, niwaambie ukweli, nilipokuwa nimesimama pale, kuna kipande kidogo cha moyo kilichoona jinsi chumba kile kilivyo kizuri, chaki, watoto na ubao mweusi, kikasema, hiki kingekuwa changu. Tulikumbatiana tukalia, yeye kwa ajili ya mama yake, mimi kwa ajili ya mengi.

Neema alinisikiliza hadi mwisho, kompyuta imejizima mapajani. Akaivuta, akaiwasha, akarekebisha pale palipotakiwa. Saba na tano ikawa kumi na mbili. Hakutabasamu.

Nikamwuliza yule msichana wa dawati la nyuma anaitwa nani. Akanuna kwanza, akatazama maharage yangu. Kisha akanitajia jina.